Saa Inayokula Betri

"Saa hii inakula betri." Hakuna fundi wa saa Mombasa ambaye hajaambiwa hivyo. Mwenye saa hasemi inakula kiasi gani, wala hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba betri iliyotiwa Ramadhani imekufa kabla ya Maulidi, na ile iliyotangulia haikufika mbali zaidi. Kuanzia Marikiti hadi Mwembe Tayari dawa ya kawaida ni betri nyingine: mteja analipa, anaondoka radhi, na baada ya miezi sita anarudi na hasira.

Fundi ninayetaka kumsifu hapa hatii betri kabla hajajua saa inakula nini. Meza yake iko katika vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, na jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hataki. Anasema wateja alio nao wanamtosha, na wanaokuja kwa kusoma habari huja kupiga picha. Alisomea umeme katika chuo cha Tudor kilipokuwa bado kikiitwa Mombasa Polytechnic, miaka mingi kabla hakijawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013, akatengeneza redio kwa muda mrefu, kisha akarithi kiti cha saa kwa mjomba wake. Mtu wa redio kukalia kiti cha mtu wa saa ndiko kulikozaa kazi ninayoizungumzia: kupima umeme mdogo mno, usiotulia, unaokuja na kupotea, tena kwa vyombo ambavyo aliyevitengeneza hakuwaza kabisa kwamba vingetumika hivyo.

Kwanza saa yenyewe. Ndani ya saa ya kwatzi ya mishale mna kijiti cha fuwele chenye ncha mbili kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Chipu huigawa hesabu hiyo kwa mbili, ikaigawa tena kwa mbili, na tena, mara 15, mpaka ibaki moja. Kila sekunde, basi, hutoka mpigo mmoja wa umeme kwenda kwenye koili ya waya mwembamba usioonekana vyema bila lenzi. Koili husukuma kisumaku nusu mzunguko, gia husogea, mshale wa sekunde huruka. Mota ya namna hii ni ubunifu wa Mfaransa Marius Lavet, wa mwaka 1936, ambapo saa ya mkono ya kwatzi ilikuwa haijazaliwa. Seiko walipoitoa Astron mjini Tokyo tarehe 25 Desemba 1969 waliiuza yeni 450,000, pesa ambazo siku hizo zilitosha kununua gari dogo jipya. Leo mashine inayofanya kazi ile ile inauzwa Biashara Street kwenye kadibodi, na hakuna anayeistaajabia. Mimi bado naistaajabia.

Kinachomhusu fundi ni ule mpigo. Tuseme ni wa robo ya miliampea, na unadumu milisekunde 5. Sekunde iliyobaki, yaani milisekunde 995, koili haipati kitu, na chipu peke yake inanyonya sehemu ndogo ya maikroampea ili fuwele iendelee kutikisika. Ukichanganya yote na kuyagawa sawasawa kwa sekunde nzima unapata wastani wa maikroampea 1.5 hivi. Betri ndogo ya fedha inayotiwa kwenye saa nyingi za mkono, ile yenye namba 626 au 377, ina miliampea-saa 28 hivi. Fanya hesabu na utaona saa hiyo itaenda miaka miwili na kidogo. Wastani ukipanda hadi maikroampea 6, betri hiyo hiyo itakufa baada ya miezi sita na siku chache. Ramadhani hadi Maulidi.

Tofauti kati ya saa nzima na saa mgonjwa, kwa hiyo, ni maikroampea nne na nusu. Ampea moja ukiigawa mara milioni, chukua vipande vinne na nusu. Fundi anatakiwa akipime kitu hicho juu ya meza iliyo hatua chache kutoka njiani, boda boda zikipita, na upepo wa Kaskazi ukipeperusha karatasi.

Chombo chake ni ile mita ya manjano ya Kichina inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme, ya DT830. Nimewahi kuwasikia wahandisi wakiicheka. Yeye haicheki, ila haiamini pia, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo ustadi wake wote. Ukiiweka mita hiyo kwenye kipimo cha maikroampea 200 na kuipitishia umeme wa saa, itaonyesha 0.3, kisha 0.3, kisha 3.8, kisha 0.2, kisha 5.1. Mita hii husoma mara mbili au tatu kwa sekunde, nao mpigo ni wa milisekunde tano. Mara inaukuta, mara inaukosa, mara inaukuta umeshafika mwisho. Ni sawa na kutaka kujua jirani anakula kiasi gani kwa kuchungulia jikoni mwake mara tatu kwa siku: siku moja utasema mlafi, siku ya pili utasema amefunga. Fundi wa haraka huzitazama namba zinazoruka, akachagua iliyo katikati, akaita hiyo wastani. Huko si kupima, ni kubahatisha kwa macho makavu.

Lakini kuna kosa kubwa zaidi, na halionekani kwenye kioo. Mita haipimi mkondo moja kwa moja. Hupitisha umeme kwenye rizista iliyomo ndani yake, halafu husoma volti zilizopotea hapo. Kwenye kipimo cha maikroampea 200 rizista hiyo ni ya omu 1,000. Koili ya saa nyingi ni ya omu 2,000 hivi. Basi wakati ule mpigo unapopita, theluthi moja ya volti za betri inabaki ndani ya mita na theluthi mbili tu ndizo zinazoifikia koili. Betri ya volti 1.55 inageuka kuwa betri ya volti moja. Saa iliyokuwa ikienda vizuri inaanza kusita, mshale unatetemeka mahali pamoja, na fundi asiyejua atamwambia mwenye mali kuwa mashine imekufa. Imeuawa na mita.

Hapa ndipo fundi wangu anapoanza kazi. Swali lake la kwanza si saa inakula nini. Ni mita inakula nini.

Njia yake nyepesi, anayoitumia saa zikiwa nyingi, ni kuweka kapasita kubwa sambamba na mita, kwenye ncha zake mbili. Mpigo ukija, kapasita ndiyo inayoupokea, kisha umeme unapita polepole kwenye rizista ya mita mpaka mpigo mwingine uje. Namba kwenye kioo zinaacha kuruka. Akitumia kapasita ya maikrofaradi 4,700 na ile rizista ya omu 1,000, umeme unachukua sekunde kama tano kutulia, kwa hiyo anasubiri nusu dakika kabla ya kutazama. Kuna jambo dogo hapa ambalo nililipenda sana nilipolielewa. Watu wengine huiweka kapasita upande wa saa, kati ya chanya na hasi, na inafanya kazi vilevile. Lakini kapasita za kawaida huvuja. Ikiwa pale, ina volti 1.55 juu yake, na uvujaji wake unapita ndani ya mita na kuhesabiwa kama ulaji wa saa. Ikiwa sambamba na mita, juu yake mna milivolti moja au mbili tu, na kwa volti ndogo kiasi hicho haivuji kitu cha kutajwa. Kifaa kimoja, kazi moja, mahali pawili tofauti, na pahali pamoja panakudanganya. Alinionyesha hili bila kusema neno: aliihamisha kapasita kwa kibano, akaniashiria kioo, akairudisha.

Njia ya pili ndiyo anayoitumia saa ikiwa na kesi, na kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote. Haitumii mita kupima mkondo hata kidogo.

Anachukua kapasita ya maikrofaradi 1,000 na kuiunga kwenye betri mpya ya volti 1.55, akaiacha usiku kucha. Kapasita iliyochajiwa sasa hivi hudanganya. Ukiiachia, volti zake hushuka zenyewe kwa muda, kwa sababu umeme bado unajipenyeza ndani ya tabaka zake na haujatulia. "Wacha inywe kwanza," ndivyo anavyosema, na ile meza ya nyuma huwa na kapasita mbili tatu zinazokunywa daima. Asubuhi anaiondoa betri na kuiunga kapasita kwenye saa, mahali pa betri. Sasa saa inaenda kwa umeme uliomo ndani ya kapasita tu. Anagusisha mita kwenye kipimo cha volti, anasoma, anaondoa, anaanza kuhesabu sekunde. Zikitimia 100 anagusisha tena, anasoma.

Akitoa namba ya pili katika ya kwanza amemaliza. Kapasita ya maikrofaradi 1,000 ikipoteza milivolti 150 kwa sekunde 100, wastani wa mkondo uliotoka ni maikroampea 1.5. Milivolti 160 ni 1.6. Milivolti 90 ni 0.9. Amezichagua maikrofaradi 1,000 na sekunde 100 makusudi ili hesabu iwe ni kusogeza nukta tu, na mtu aweze kuifanya hata kama mteja anamwuliza habari za watoto. Mipigo mia moja imepita ndani ya muda huo, mirefu na mifupi, na hakuna hata mmoja uliopotea, kwa kuwa kapasita haichungulii. Kilichotoka kimetoka.

Kwa nini basi asiiache mita imeungwa muda wote, akaona volti zikishuka? Niliuliza, na nikajibiwa kwa kuonyeshwa. Mita ya manjano ikipima volti ina ukinzani wa megaomu moja. Kwa volti moja na nusu, yenyewe inanyonya maikroampea moja na nusu. Yaani mita peke yake inakula sawasawa na saa nzima! Ukiiacha imeungwa, nusu ya jibu lako ni mita. Ndiyo maana anagusa sekunde moja tu na kuondoa. Sekunde hiyo moja inaiba milivolti moja na nusu katika zile mia na hamsini, na hilo anakubali kulibeba.

Kisha yako yale anayoyafanya kabla, ambayo mteja hayaoni. Kapasita iliyoandikwa 1,000 inaweza kuwa 850 au 1,150. Viwanda huruhusu tofauti ya asilimia 20. Kwa hiyo kila kapasita inayoingia mezani haipitishi mpaka aipime mara mbili. Mara ya kwanza tupu: anaichaji, anaiachia bila kitu chochote, anaona imeshuka kiasi gani yenyewe. Hiyo ni ya kutoa. Mara ya pili anaifunga rizista ya megaomu moja mahali pa saa. Rizista hiyo anaijua, kwa volti 1.55 lazima ile maikroampea moja na nusu na ushei, na katika sekunde 100 volti zinapaswa kushuka milivolti 148 hivi, kwa maana mkondo nao hupungua kadiri volti zinavyopungua. Zikishuka 160 kapasita ni ndogo kuliko inavyojitangaza, na anaiandikia kwa kalamu nyeupe ubavuni. Tupu, kisha rizista, kisha saa. Utaratibu huo hauruki hata siku ya kuamkia Idi, ambapo foleni ya kutia betri hufika njiani.

Na miezi ya joto anapima asubuhi. Kapasita huvuja zaidi kukiwa na joto, na Februari katika Mji wa Kale, saa nane mchana, chini ya bati, si wakati wa kutafuta sehemu ya milioni.

Mji huu si mgeni wa umeme mdogo unaokuja na kupotea. Kabla reli haijaanza kujengwa mwaka 1896, waya wa telegrafu wa kampuni ya Eastern and South African ulikuwa umeshapita chini ya bahari kutoka Unguja hadi Mombasa. Katika nyaya ndefu za namna ile mpigo uliotumwa kwa nguvu upande mmoja ulifika upande wa pili umechoka, umetandaa, haba kabisa. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alitatua shida hiyo mwaka 1858 kwa kuning'iniza kisumaku kidogo chenye kioo mgongoni ndani ya koili. Mkondo mdogo ukipita, kioo kilipinda kidogo mno, lakini mwali wa taa uliokipiga ukasogea kwenye ukuta umbali unaosomeka. Siri yake ilikuwa wepesi: chombo cha kupokea kisichodai kitu kwa kile kilichobaki. Mwaka 1867 akaleta kingine cha kuandika kwa wino juu ya karatasi, ambacho kalamu yake haikuigusa karatasi, kwa kuwa hata msuguano wa kalamu ulikuwa gharama ambayo mkondo ule haungeweza kuilipa. Naona undugu wa moja kwa moja kati ya kalamu ile isiyogusa na mkono wa fundi unaogusisha mita sekunde moja na kuondoka.

Turudi kwa saa ya Ramadhani. Fundi ameipima na kupata maikroampea 5.8. Sasa namba ile inakuwa dawa, kwa sababu chipu za saa nyingi zina akili ndogo ya kubana matumizi. Hupeleka kwanza mpigo mfupi, kisha husikiliza kupitia koili kama kisumaku kimezunguka. Kikiwa hakikuzunguka hupeleka mpigo mwingine mrefu, wenye nguvu. Saa safi huenda kwa mipigo mifupi maisha yake yote. Mafuta yakikauka kwenye mihimili, au chumvi ya bahari ikiingia kwa nyuma ambako mpira wa kuzuia maji umechakaa, gia zinakuwa nzito, na chipu inalazimika kupiga mara mbili kila sekunde. Mwenye saa haoni lolote. Mshale unaruka vilevile, majira ni sawa, haichelewi hata dakika. Ugonjwa unaonekana mahali pamoja tu, kwenye ulaji.

Kwa hiyo anajua kitu kabla hajaifungua. Ulaji ukiwa juu na saa inaenda sawasawa, ni uchafu. Anaifungua gia, anaosha, anatia mafuta tone dogo kwa ncha ya sindano, anapima tena. Ikishuka hadi 1.4 ametengeneza. Ulaji ukiwa juu hata baada ya kuiondoa koili, kosa liko kwenye chipu au kuna unyevu juu ya bodi, na umeme unatambaa pasipo na waya. Hapo anapangusa kwa spiriti, anakausha chini ya taa, anapima. Ikikataa, anamwambia mwenyewe ukweli: mashine mpya ni bei nafuu kuliko kuhangaika. Na ikiwa saa haikuwa na kosa lolote, ulaji 1.3, lawama inarudi kwa betri aliyouziwa, iliyokaa dukani miaka kabla ya kufika mkononi mwake. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko wenye maduka wangependa niandike.

Kazi hiyo yote haina bei. Kuna bei ya betri, bei ya kuosha, bei ya mkanda. Nilipomwuliza kwa nini halipishi kupima alinijibu kwa Kimvita chake kwamba mtu hawezi kulipishwa kwa kuulizwa hali. Nadhani anajidhulumu, na nilimwambia.

Saa za mishale zinapungua, hilo si siri. Vijana wanatazama majira kwenye simu. Lakini vifaa vinavyolala na kuamka vimezidi. Mwenye duka la viungo analeta mizani ya betri, mama analeta rimoti, msikiti unaleta saa ya ukutani ya adhana. Na siku hizi wanakuja watu wa tuktuk.

Anayewaleta ni kijana mmoja mtaani, fundi wa kufunga vile vifaa vya kufuatilia gari kwa laini ya simu. Humwita fundi ami, naye huitwa mwanangu, ingawa hakuna udugu ninaoujua. Shida yake ni ya saa kwa umbo kubwa: tuktuk ikiegeshwa wiki mbili, mwenyewe yuko safarini, akirudi haiwaki. Kifaa kinapolala kinakula miliampea chache, na betri ya ampea-saa 30 haijali. Kinapoamka kutuma mahali kilipo, redio yake hutoa mipigo ya maikrosekunde 577, mara 217 kwa sekunde, na ndani ya kifaa kila mpigo unaweza kufikia ampea mbili. Kati ya usingizi na kelele hiyo pana tofauti ya mamia, na hakuna kipimo kimoja cha mita ya manjano kinachoyameza yote mawili. Ukiweka kipimo kidogo, fyuzi inaungua kifaa kikiamka. Ukiweka kikubwa, usingizi unasomeka sifuri.

Kijana alikuwa ameshapima. Alifunga rizista ndogo, akaazima osiloskopu, akatazama dakika kumi, akaona kifaa kinalala vizuri. Ami alimwuliza swali moja: kinaamka kila baada ya muda gani? Kila nusu saa. Na umetazama dakika kumi?

Waliiacha usiku mzima, tuktuk ikiwa palepale inapoegeshwa, katika uchochoro kati ya nyumba mbili za kale zenye kuta nene za matumbawe. Chanzo kilikuwa ni ukuta. Mahali pale laini ilikuwa hafifu, na redio isiposikika huongeza nguvu, hujaribu tena, hujaribu tena. Badala ya kuamka kidogo na kulala, kifaa kilikuwa kikikesha. Wastani ulikuwa karibu miliampea 60. Kwa siku hiyo ni ampea-saa moja na nusu, kwa wiki mbili ni ishirini, na stata haizungushi injini kwa kilichobaki. Kifaa hakikuwa kibovu. Kijana alibadilisha mpangilio wake, kikikosa mnara mara mbili kirudi kulala mpaka asubuhi.

Kwa pesa za kazi kama hizo kijana amenunua kipimo cha kisasa cha kampuni ya Nordic ya Norway, kinachoungwa kwenye kompyuta, kinachosoma kuanzia sehemu za maikroampea hadi ampea moja, mara 100,000 kwa sekunde, na kubadilisha vipimo chenyewe bila kuikatia saa umeme. Alikileta mezani kwa fahari. Nilidhani mzee atakinunia. Badala yake aliuliza lile lile: chenyewe kinakula ngapi, kikiwa hakijafungwa kitu? Wakakiacha tupu, wakasoma, akaridhika. Kisha wakaifunga saa iliyokwisha pimwa kwa kapasita. Kapasita ilikuwa imesema 1.6, kompyuta ikasema 1.5, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote kwenye kiti kile akauona mpigo wenyewe, umekatwakatwa juu kama meno ya msumeno mdogo, ambavyo chipu za sasa hufanya ili kubana umeme. Aliutazama kwa muda. Halafu akasema kuna kitu anachotaka kujua.

Saa zenye tarehe hugeuza kalenda karibu na saa sita usiku. Gia ya tarehe inaposhika, mashine nzima inakuwa nzito kwa saa moja au mbili. Kapasita yake na sekunde zake mia hazijawahi kuiona hali hiyo, kwa kuwa yeye hupima asubuhi. Je, saa iliyo safi mchana huwa inahangaika usiku? Waliiacha kompyuta imewaka mpaka alfajiri, saa ikiwa imefungwa. Kwenye mchoro mipigo ilikuwa myembamba hadi baada ya saa nne usiku, ikaanza kunenepa, kisha ikaja mirefu mfululizo, ile ya kupigwa mara mbili, na baada ya tarehe kugeuka ikarudi kuwa myembamba.

Siku hizi, saa ikiwa ya kalenda, fundi huipima kwanza kama ilivyokuja, kisha huvuta taji na kuizungusha mishale hadi saa sita kasorobo za usiku, akaipima tena kwa kapasita nyingine. Kwenye daftari lake, palipokuwa na safu moja ya namba, zipo mbili, na saa ambayo safu yake ya pili ni zaidi ya mara mbili ya ya kwanza anaiosha hata kama mwenyewe alikuja kubadilisha mkanda.